Shule ya Bwana Afya: Kutoka Kabete hadi Vilima vya Gwassi

Magunga ni mji mdogo katika vilima vya Gwassi, Suba Kusini, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Kaunti ya Homa Bay. Magharibi yake ni Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe. Kusini, ukivuka mpaka, unaingia Nyatike katika Kaunti ya Migori, na kaskazini-mashariki liko Bonde la Lambwe pamoja na mbuga ya Ruma. Vilima vyenyewe ni mabaki ya volkeno ya kale, Kisingiri, na udongo hubadilika haraka ukishuka: mawe juu, mchanga ufuoni, na kule Lambwe udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika eneo hili dogo yamepishana, kwa muda wa karne moja na ushei, malale, upofu wa mtoni, malaria, kichocho na kipindupindu, na kila ugonjwa ulileta wataalamu wake na mafundisho yake. Nimeichagua Magunga kwa sababu hiyo. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne hiyo aliyekosa kufundishwa hapa ni mtaalamu mwenyewe aliyetumwa kuwafundisha wengine. Alifunzwa ugonjwa, akafunzwa sheria, akafunzwa hata namna ya kuhutubia baraza. Lakini kupanga elimu, yaani kujua aanzie wapi, amuulize nani, na ni lipi kati ya mambo mengi lililo mikononi mwa mwenye boma, hilo lilichelewa sana kuingia darasani. Lilipoingia, sehemu kubwa yake ilikuwa imejifunzwa kutokana na makosa yaliyofanyika katika nchi hizi za kandokando ya ziwa.

Malale ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza, na muda si muda fuo za Busoga na visiwa vya ziwa vilikuwa vinazika watu kwa maelfu. Katika miaka michache Uganda peke yake ilipoteza zaidi ya watu 200,000. Tarehe 1 Aprili 1902 nchi ya Nyanza ilitolewa Uganda na kuingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, kwa hiyo ugonjwa ulivuka mpaka wakati uleule serikali nayo ilipokuwa ikibadilisha mikono. Mwaka 1903 Aldo Castellani na David Bruce, wakifanya kazi Entebbe, waliunganisha ugonjwa huo na kimelea cha damu na mbung'o anayekibeba. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, wala sina nia ya kuupunguza. Lakini mara tu baada yake ikaja hatua iliyoweka desturi kwa miaka mingi: kule Uganda gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ufuoni. Mtaalamu alikuwa na jibu, na jibu hilo halikuhitaji kauli ya mtu aliyekuwa akiishi na mbung'o, ambaye Wajaluo humwita maugo, tangu utoto wake.

Mtaalamu wa mbung'o John Ford, aliyefanya kazi Afrika kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 1971 kitabu kizito kilichogeuza mtazamo huo. Alidai kwamba kabla ya ukoloni jamii nyingi zilikuwa zimepata namna ya kuishi na mdudu huyo bila kumaliza watu na mifugo. Zilichoma nyasi kwa wakati wake, zilisogeza malisho, zililima kwa makundi, na ziliacha nyika zisizokaliwa kati ya kabila na kabila. Sotoka ya miaka ya 1890 iliyoua ng'ombe, pamoja na vita, njaa na kuhamishwa watu, ndiyo iliyovunja mpangilio huo, vichaka vikarudi na mbung'o wakarudi navyo. Mtu anaweza kumpinga Ford kwamba aliipamba zamani, na kweli hakuna anayeweza kudai kwamba mababu wa Wasuba na Wajaluo hawakuugua. Sihitaji kukubaliana naye katika yote. Inatosha kwangu kwamba palikuwa na maarifa ya mazingira yaliyokaa ndani ya kilimo na ufugaji, na kwamba mpango wowote wa elimu ungeweza kuyaanzia. Haukuyaanzia kwa sababu hakuna aliyefunzwa kuyatafuta.

Shule zenyewe zilianza katika miaka ya 1920. Sheria ya Afya ya Umma ilipitishwa mwaka 1921, na hadi leo ndiyo inayompa afisa mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi na kushtaki. Mwaka 1925 Jeanes School ilifunguliwa Kabete kuwafunza walimu wa vijijini ambao, pamoja na wake zao, wangekuwa mfano wa nyumba safi, bustani na choo. Mwaka 1927 mafunzo ya wahudumu wa afya yakaanza Nairobi, mbegu ya chuo cha mafunzo ya tiba tunachokiita leo KMTC. Mtu aliyezipa kazi hizo maneno alikuwa Dkt. A. R. Paterson, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa huduma za tiba. Tumtendee haki: Paterson aliona mapema kuliko wenzake wengi kwamba hospitali haziwezi kushinda safura na kuhara huku maji na nyumba vikibaki vilevile, na kwamba elimu ndiyo njia. Alitumia filamu kufundisha juu ya safura wakati ambapo sinema ilikuwa bado jambo geni hata mjini. Lakini kitabu chake cha miaka ya 1930 kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kiliitwa The Book of Civilization, Kitabu cha Ustaarabu, na jina hilo linaonyesha mpango wake wote. Ustaarabu ulikuwa upande mmoja, msomaji upande wa pili, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuuvusha. Katika fikira ya namna hiyo hakuna sababu ya kumuuliza msomaji anafanya nini na kwa nini, maana anachofanya kimeshahesabiwa kuwa ndicho kikwazo.

Kutoka katika mchanganyiko huo wa sheria na mahubiri akazaliwa bwana afya. Jina lenyewe ni la heshima na la hofu kwa pamoja. Mwanzoni aliitwa mkaguzi, na ukaguzi ndio aliosomea: nyama, maji, majengo, mitaro, mazalia ya mbu. Kwa muda mrefu wakaguzi wa afya wa Afrika Mashariki walitahiniwa kwa stashahada ya Royal Society of Health ya London, mtihani uliotungwa kwa desturi ya miji ya Uingereza, ambako mkaguzi hukuta mabomba yamekwisha kutandazwa na mwenye nyumba anayejua kusoma notisi. Ulikuwa mtihani mgumu, na waliofaulu walikuwa wanaume na wanawake hodari. Ila ustadi uliopimwa ni wa kuona kasoro na kuitaja kwa jina lake la kisheria. Mtu huyo alipopangiwa kazi Gwassi au Nyatike, alifika na kipimo mkononi na amri mdomoni: kila boma lichimbe choo cha shimo, kwa kina hiki na upana huu.

Hapo ndipo tunapoona kwa karibu gharama ya kutojua kupanga. Chukua choo hicho kimoja kwa kila boma. Dala ya Kijaluo, na ya Wasuba ambao kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakizungumza Kijaluo, si nyumba moja bali ni nyumba za wake, za wana na wake zao, zilizopangwa kwa utaratibu unaojulikana. Katika utaratibu huo wakwe wana miiko ya heshima, na mojawapo iliyoandikwa mara nyingi na watafiti wa magharibi mwa Kenya ni kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Choo kimoja kinachotosha kwenye fomu kinaweza, kwa hiyo, kuwa choo cha nusu ya familia. Mwingine huenda kichakani kwa adabu yake, na bwana afya humwandika kuwa mkaidi. Ongeza udongo: shimo lililoagizwa kwa kipimo kimoja hugonga mwamba mlimani, hujaa maji ufuoni, na katika udongo mweusi wa Lambwe kuta zake hubomoka mvua ikinyesha. Miiko na udongo havikuwa siri. Mama yeyote wa boma angevieleza kwa masikio yaliyo tayari kusikia kwa muda wa nusu saa. Mtaala haukuwa na hiyo nusu saa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka Nyanza Kusini yenyewe, na sitaki kulipita kwa haraka. Upofu wa mtoni uliwatesa watu wa mabonde ya mito ya huku, ukienezwa na usubi wa aina ya Simulium neavei. Mwaka 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walianza kutia DDT katika mito ya Kodera, leo katika Kaunti ya Homa Bay, na mwaka uliofuata walitangaza kwamba usubi umetoweka. Walifanya hivyo kabla hata ya kujua viluwiluwi vyake vinakaa wapi. Ilikuja kugunduliwa baadaye, yapata mwaka 1950, kwamba hujishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kazi hiyo ilikuwa imeenea kwenye mito mingine ya Nyanza, na Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kusifiwa kwa kumwondoa usubi huyo. Hakuna baraza lililobadilisha tabia ya mtu, na hakuna picha iliyobandikwa ukutani. Basi elimu ya nini? Si ingefaa fedha ziende kwenye dawa na wahandisi, na watu waachwe waendelee na maisha yao?

Nakubali sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo bila masharti. Kuna magonjwa ambayo kiungo chake dhaifu hakipiti katika mkono wa mwanakijiji, na kumhubiria mtu juu ya usubi asioweza kuufikia ni kumpotezea wakati. Lakini kulitambua hilo ndiko kupanga. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri huanza kwa kutenganisha: hili liko mtoni na litatatuliwa na mhandisi, hili liko jikoni na litatatuliwa na mama, hili liko sokoni na litatatuliwa na chama cha wavuvi. Na hata katika upofu wa mtoni kuna ushahidi wa upande wa pili, maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 1951 ulionyesha sehemu moja ya Nyanza ambako usubi ulitoweka baada ya vichaka kufyekwa. Kufyeka ni kazi ya watu wenye mapanga, ni kazi inayopaswa kurudiwa, na kazi inayorudiwa hudumu tu pale wanaoifanya wanapoona maana yake.

Lambwe inaonyesha mpaka huo vizuri zaidi. Bonde lilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kuwa mbuga ya taifa ya Ruma mwaka 1983, na kati ya tarehe hizo mbili malale yalilipuka tena. Mwaka 1981 ndege zilinyunyiza dawa ya endosulfani juu ya vichaka. Mbung'o walipungua sana, kisha wakaongezeka tena, maana ndege huja kwa msimu na mbung'o yuko mwaka mzima. Karibu na hapo, Mbita, kilikuwapo kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na watafiti wake walitengeneza mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi yenye harufu inayomvuta mbung'o. Mtego ni rahisi kushona, lakini unahitaji mtu wa kuutazama, kuufyekea majani, na kuzuia usiibwe. Kwa hiyo swali likahama kutoka maabara kwenda kijijini: nani atautunza, atalipwa na nani, na anapata nini ikiwa ng'ombe wake si wengi? Sayansi ya jamii iliingia Lambwe kupitia mlango huo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ushindi huo ulikuwa na dawa, upimaji, ndege na mitego ndani yake, na anayeusimulia kwa kutaja kimoja tu anaiba sehemu ya hadithi.

Wazo kwamba kupanga elimu ni ustadi unaofundishika lilikuwa limeanza kutamkwa duniani katika miaka ya 1950. Mwaka 1957 Shirika la Afya Duniani liliita kamati ya wataalamu kujadili mafunzo ya wahudumu wa afya katika kuelimisha umma, na taarifa yake ilichapishwa 1958. Nchini Kenya wazo hilo lilipata miguu kwa njia kadhaa. AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya madaktari wa ndege, iligundua kwamba ndege huondoka na mhudumu wa zahanati hubaki, ikaanza kuandika vitabu vya mafunzo kwa ajili yake. Kitabu cha Norman Scotney juu ya elimu ya afya, cha mwaka 1976, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kumwambia mhudumu wa kijijini aanze kwa kutazama na kusikiliza. Mwaka 1972 serikali ilitoa pendekezo la kuimarisha afya vijijini na kujenga vituo vya mafunzo mbali na Nairobi, na kimojawapo, Chulaimbo, kiko Nyanza. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Timu nzima, yaani tabibu, muuguzi na bwana afya, ilifundishwa pamoja, mahali ambapo tatizo linaonekana dirishani.

Lakini waliosogeza wazo hili mbele zaidi, kwa maoni yangu, walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya wenyewe. Dkt. Miriam Were, katika mradi wa Kakamega wa miaka ya 1970, alikaa na wanavijiji hadi wakachagua wao wahudumu wao na mambo yao ya kwanza. Alikuwa tayari mwandishi wa riwaya, The Eighth Wife ilitoka mwaka 1972, na siamini kwamba ni bahati tu kuwa mtu aliyezoea kuwasikiliza wahusika wake alijua pia kuwasikiliza wanakijiji. Ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria, Asembo, mradi wa Saradidi ulianza mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Alma-Ata juu ya huduma ya afya ya msingi, chini ya parokia ya Kianglikana na uongozi wa Dkt. Dan Kaseje. Kule jamii ilijadili mahitaji yake kwa miezi kabla ya huduma yoyote kutolewa. Wakati huohuo, Marekani, Lawrence Green alikuwa akiandika kielelezo chake cha kupanga, kinachomtaka mpangaji aanze mwisho, kwenye maisha ambayo watu wanataka kuishi, kisha arudi nyuma akiuliza ni nini kinachowazuia. Kielelezo hicho ndicho kinachofundishwa vyuoni sasa. Ningependa vyuo vyetu vikifundishe sambamba na Saradidi, ili mwanafunzi asidhani kwamba kuuliza kulivumbuliwa mbali.

Kisha kikaja kipindupindu cha 1997. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 wakafa. Wilaya ya Suba ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, Migori mitano. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja njia tatu za hatari: kunywa maji ya ziwa au ya kijito, kula pamoja na mtu mwenye kuhara, na kuhudhuria karamu ya matanga. Anayejua uzito wa matanga huku ataona mara moja ugumu wa jambo hilo. Kutohudhuria ni kuvunja undugu, na kula pale ni sehemu ya kumzika mtu kwa heshima. Hapa kuna pingamizi la pili, ambalo maafisa wengi wa afya hulisema waziwazi: kipindupindu huua kwa saa chache, na mtu hawezi kuitisha mashauriano huku wagonjwa wanabebwa kwa mikokoteni. Piga marufuku karamu, funga vibanda, tumia sheria. Nakubali kwamba wakati wa mlipuko sheria ina kazi yake. Lakini ugonjwa huo uliingia Kenya mwaka 1971. Kati ya hapo na 1997 kuna miaka 26, na katika miaka hiyo matanga hayakukoma hata juma moja. Palikuwa na wakati wa kukaa na wazee, makanisa na vikundi vya akina mama wapishi, na kukubaliana maji ya kunawa yawekwe wapi na chakula kigawanywe na nani. Amri hutolewa ghafla pale ambapo mpango haukufanywa polepole.

Kilichofuata Homa Bay ni mfano ninaoupenda kuliko yote katika historia hii. Shirika la CARE Kenya na washirika wake walikuja na njia ya kutia klorini katika maji ya nyumbani na kuyaweka katika chombo salama. Chombo kilichopendekezwa mahali pengine duniani kilikuwa cha plastiki, chenye mdomo mwembamba na bomba. Watu wa huku walisema hapana. Maji yao huwekwa katika dapi, mtungi wa udongo, kwa sababu huyapoza, na maji yasiyopoa hayanyweki kwa raha mchana wa ziwani. Ingekuwa enzi za The Book of Civilization, mtungi ungeandikwa katika orodha ya vikwazo. Safari hii wapangaji walikwenda kwa wanawake wafinyanzi, wakashauriana nao, na mtungi ukafinyangwa upya: mdomo mdogo usiopitisha mkono, kifuniko, na bomba chini. Ubaridi ukabaki, kikombe kichafu hakikuingia tena ndani, na wafinyanzi wakapata biashara. Elimu iliyokuwa itolewe kwa maneno mengi iliishia kukaa ndani ya umbo la chombo. Katika muongo huohuo Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi nne, pamoja na Uganda, Botswana na Zimbabwe, zilizojaribu mbinu iitwayo PHAST, ambayo humfunza afisa kuacha hotuba na kuleta picha zilizochorwa na wasanii wa mahali, ili wanakijiji wazipange wenyewe: lililo jema, lililo baya, lisilojulikana. Ubishi unaozuka juu ya picha za fungu la tatu humpa mpangaji habari ambazo dodoso halitampa.

Si kila mbinu ya ushirikishwaji inastahili sifa hizo. Mwaka 2007 ililetwa Kenya njia iliyoanzishwa na Kamal Kar huko Bangladesh, ambayo huwakusanya wanakijiji, huwachoresha ramani ya kijiji chini vumbini, na kuwatembeza hadi mahali pa haja kubwa mpaka waone kinyaa na aibu, kisha huwaachia waamue. Imechimba vyoo vingi, na wapo vijiji vilivyobadilika kwa kweli. Hata hivyo, mwaka 2011 serikali ilijiwekea lengo la kumaliza haja za kichakani vijijini kote ifikapo 2013, na lengo halikufikiwa. Naona sababu mojawapo katika mafunzo. Kuamsha aibu hufundishika kwa siku chache. Kujua nini kifanyike asubuhi ya pili, pale mjane anapokuwa na aibu tele na mwamba chini ya miguu yake, huchukua muda mrefu zaidi, na huko ndiko bajeti ya mafunzo huishia. Aibu nayo huwapata kwanza walio maskini. Mpango unaowategemea wao kubeba mzigo wa fedheha ya kijiji unapaswa kuwa na jibu kwao kabla ya kuanza.

Leo wafundishaji ni wengi kuliko wakati wowote. Mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006 uliweka wahudumu wa kujitolea katika kila kijiji na maafisa wa kuwasimamia. Katiba ya 2010 ikapeleka afya kaunti. Sheria ya mwaka 2013 ikawapa maafisa wa afya ya umma baraza lao la kuwasajili, na Septemba 2023 serikali ikawakabidhi wahudumu hao, zaidi ya 100,000, vifaa na simu za kazi. KMTC ina vyuo vyake Homa Bay na Migori, kwa hiyo kijana wa Magunga hahitaji tena kwenda Nairobi kusomea kazi hii. Ndani ya mfumo huo zimo fomu nne ambazo kila aliyepitia mafunzo anazijua kwa namba. MOH 513 ni daftari la kaya: kuna choo, maji hutibiwa, kuna mahali pa kunawa mikono. 514 ni kitabu cha kazi ya mhudumu, na 515 ni muhtasari unaopanda kwenda ofisini. Ya nne, 516, ni ubao. Tarakimu zilezile huandikwa kwa chaki na kuwekwa wazi mbele ya jamii, na mkakati unataka kila baada ya miezi mitatu pawe na siku ya mazungumzo juu yake, kisha siku ya kutenda.

Saa nyingi za mafunzo hutumika kwenye kujaza 513 na kujumlisha 515, kwa sababu ofisi huuliza kuhusu hizo, na sasa simu inajumlisha yenyewe. Muda huo uliookolewa upewe ubao. Kusimama mbele ya tarakimu za kijiji pamoja na wenye tarakimu hizo, kumwacha mzee aseme kwamba vyoo vilianguka masika, mama aseme kwamba klorini iliisha dukani, na binti mkwe anyamaze kwa namna ambayo afisa makini ataielewa, ni kazi ngumu kuliko kukagua bucha, na inahitaji kutahiniwa kama vile nyama ilivyotahiniwa. Mtihani wa mwisho wa stashahada ya afya ya mazingira ungeweza kufanyika Gwassi: mwanafunzi apewe ubao wa robo mwaka iliyopita, akae saa mbili na watu wa kijiji hicho, kisha awaeleze watahini aliyoyasikia kabla ya kuwaeleza anachokusudia kufanya.